Breki za Land Rover za zamani: pedali ndefu, gari inavuta, breki zinakaba, uanzie wapi kutafuta

Haya ni matatizo ambayo nimeyakuta tena na tena kwenye Land Rover za Series, zile za kabla ya Defender, yaani Series II ya 1958, IIA ya 1961 na Series III iliyoanza 1971 ikaenda mpaka 1985. Mengi nimeyajulia kwenye 109 (ile ndefu) ya mzee wangu ambayo mpaka leo inapanda na kushuka milima ya Lushoto, Tanzania. Watu wengi wanaanza na swali moja, nifunge diski au nifunge busta (kifaa cha kuusaidia mguu kukanyaga), alafu ukienda kuiangalia gari yenyewe unakuta breki hazijaajastiwa tangu mwaka juzi, mafuta ya breki yamekuwa meusi na wili silinda moja (silinda ndogo ya gurudumu inayobana breki) imeganda kabisa. Gari ya hivyo ukiifungia busta umeongeza nguvu ya kupasua hosi mbovu, basi. Breki za Series zikiwa nzima zinasimamisha gari vizuri, nasema hivyo kwa sababu naziendesha, kwa hiyo kwanza zirudishe zilivyotoka kiwandani ndo tuongelee kuboresha.

Kwanza jua una gari gani. Ya 88, ile fupi, kwa kawaida ina dramu za inchi 10 na wili silinda moja kila gurudumu. 109 ina dramu za inchi 11 na mbele kila upande kuna wili silinda mbili zilizounganishwa na kipaipu kifupi, hiki kipaipu kikumbuke maana kinasumbua sana kwenye kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Alafu angalia masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, kama ina paipu ya laini moja ujue ikipasuka sehemu yoyote breki zote nne zinaondoka kwa pamoja, na Series nyingi zilizobaki huku kwetu ni hizo.

Kabla hujapiga jeki

Hendibreki ya Series haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja iko nyuma ya transifa boksi, inashika shafti inayokwenda difu ya nyuma. Sasa ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, hata kama hendibreki umeivuta mpaka mwisho, difu inaruhusu lile la hewani lizunguke upande mmoja na la chini lizunguke upande mwingine, gari inatembea inashuka kwenye jeki. Nimeiona ikitokea na mtu alikuwa chini, Mungu alimnusuru tu. Bonyeza kile kishikio cha njano uingize four wheel ili na akseli ya mbele ishikwe, isogeze gari kidogo uhakikishe imeingia kweli, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, alafu weka stendi, jeki peke yake haitoshi.

Vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Shuu (zile zinazosugua dramu) za zamani nyingi zilitengenezwa na asbesto na hujui zilizopo kwenye gari yako zilifungwa lini, kwa hiyo lowesha na maji, futa na kitambaa, kitupe kwenye mfuko. Na mafuta ya breki yakidondokea rangi ya bodi yanaibabua, mwagia maji hapo hapo.

Pedali ndefu, ila ukipampu mara mbili tatu inapanda

Hii ndo namba moja. Mkanyago wa kwanza unaenda karibu na sakafu, wa pili unakuta breki juu na ngumu. Asilimia kubwa ya wenye dalili hii wanakimbilia kununua masta silinda mpya, wanafunga, na pedali inabaki vile vile, kwa sababu tatizo ni shuu ziko mbali na dramu. Breki za Series hazijiajasti zenyewe, lazima mtu alale chini azifuate.

Nyuma ya bakpleti, lile bati linaloshika shuu, utaona kichwa cha bolti ya ajasta. Kwa ndani ajasta ina kitu kama konokono kinachosukuma shuu. Kwenye 109 mbele kila shuu ina yake, kwa hiyo gurudumu moja ajasta mbili, na watu wengi wanakaza moja wanasahau ya pili. Siku moja kabla zipulizie mafuta ya kulegeza kutu, maana zikiganda ukilazimisha unakata. Nyanyua gurudumu, zungusha ajasta mpaka gurudumu likamate kabisa, rudisha taratibu mpaka lizunguke huru likisugua kwa mbali sana, mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu ili shuu zikae katikati, alafu ajasti tena. Hiyo ya pili usiiruke, mara nyingi unapata nafasi nyingine hapo. Tumia spana ya inchi, ya milimita itakula kona za kichwa na kazi inayofuata itakuwa ya patasi.

Umeajasti zote na pedali bado ndefu? Fuata hivi. Hakikisha beringi za habu hazina mchezo, gurudumu likicheza dramu inasukuma shuu ndani na pistoni zinarudi mbali. Toa dramu uangalie lainingi, ule utando wa kusugua juu ya shuu, zikikaribia ribiti hakuna cha kuajasti hapo. Angalia dramu yenyewe, kama imechongwa na mafundi watano kwa miaka hamsini shuu ya kawaida haiwezi kuifikia. Kitabu cha Series kinaruhusu kupanua inchi 0.030 tu kwa kipenyo, yaani karibu 0.75 mm, ikizidi hapo dramu imekwisha hata kama inaonekana nene. Mwisho pima mchezo wa pushirodi ya pedali, kile kifimbo kinachosukuma pistoni ya masta silinda, ukizidi sana nusu ya safari ya mguu wako inaishia hewani.

Kuna kipimo kimoja kinaokoa hela nyingi. Kaza ajasta zote za magurudumu yote mpaka yakamate, alafu kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta silinda yako ni nzima na upepo hamna, shida ilikuwa nafasi ya shuu. Ikibaki laini au ikizama, nenda sehemu mbili zinazofuata. Ukimaliza kupima kumbuka kuzilegeza zote.

Pedali laini, unahisi unakanyaga sponji

Upepo ndo wa kwanza, hasa kama gari ilifunguliwa paipu juzi. Kwa gari ya usukani kulia anza na nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Mpira mwembamba kwenye nipo (kile kichuchu cha kutolea upepo), ncha yake ndani ya chupa yenye mafuta ya breki, mmoja anakanyaga taratibu, mwingine anafungua, anafunga KABLA mguu haujarudi. Kikopo cha juu cha mafuta ya breki usikiache kikauke hata mara moja, kikikauka mnaanza upya. Alafu weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni, kwa sababu kwenye masta silinda ya zamani pistoni haijawahi kufika mwisho kule, kuna kutu na uchafu, ukiipeleka huko sili zinachanika na umeingia kutoa upepo unatoka na masta silinda mbovu. Watu wengi wanasema "ilikuwa nzima mpaka tulipotoa upepo", sababu ni hiyo.

109 mbele ina roho yake. Upepo unajificha kwenye silinda ya juu na kile kipaipu cha kuunganisha, unatoa chupa nzima ya mafuta, mapovu yameisha na pedali bado sponji. Hakikisha kwanza nipo iko juu, kuna mafundi wanabadilisha wili silinda wanaziweka juu chini, nipo ikiwa chini upepo hautatoka hata ukanyage mpaka Idi. Legeza ajasta zote za mbele ili springi zirudishe pistoni ndani kabisa na nafasi ya upepo ipungue, ndo utoe, alafu ajasti upya. Ikigoma, mafundi wa zamani wanakaza pedali na mti kutoka kwenye siti, wanaiacha usiku kucha, asubuhi wanatoa upepo tena na mara nyingi inapanda. Ukifanya hivyo toa waya wa betri, taa za breki zitawaka usiku mzima.

Sababu ya pili ni hosi. Gari ina hosi tatu za mpira, mbili mbele na moja inayoshuka kwenye akseli ya nyuma, na hiyo ya nyuma ndo inasahaulika. Mwenzio akanyage kwa nguvu wewe shika hosi, ukihisi inavimba mkononi, au ina mipasuko ukiikunja, badilisha zote tatu kwa pamoja.

Ya tatu, shuu mpya zisizolingana na dramu. Zinagusa katikati tu, ukikanyaga zinapinda, mguu unahisi sponji wakati upepo haupo kabisa. Paka chaki kwenye lainingi, funga, zungusha ukikanyaga kidogo, fungua uone imefutika wapi.

Pedali inashuka taratibu ukiwa umeikanyaga

Simama, kanyaga kwa nguvu ya kawaida, shikilia dakika moja. Ikishuka kuna njia mbili tu, mafuta yanatoka nje au yanapita ndani ya masta silinda.

Tafuta nje kwanza. Angalia ubavu wa ndani wa kila tairi, chini ya kila bakpleti, paipu yote inayopita juu ya chesisi (pale inaposhikwa na klipu ndo inapoozea), na ile inayolala juu ya akseli ya nyuma. Alafu ingiza mkono chini ya kisanduku cha pedali, mafuta yakitoka kwenye raba ya pushirodi yanateremkia miguuni kwa dereva na watu wanadhani ni maji ya mvua. Gari yenye busta inadanganya zaidi, masta silinda inavuja kuingia ndani ya busta, injini inayavuta inayaunguza, wewe unaona kikopo kinapungua na hakuna tone chini ila ekzosi inatoa moshi mweupe. Na Series II na IIA nyingi zina kikopo kimoja kinacholisha breki na klachi, kwa hiyo kabla hujalaumu breki angalia na silinda za klachi.

Kama nje pakavu na kikopo hakipungui, sili za ndani za masta silinda zimekwisha. Ukitaka uhakika, bana hosi zote tatu kwa kibanio cha kazi hiyo chenye midomo laini, pedali ikiendelea kushuka ni masta silinda, ikisimama juu achia hosi moja moja uone ni gurudumu gani linaiangusha. Hosi kuukuu usiibane, na vaisigripu usitumie hata kwa hosi mpya, inakata nyuzi za ndani.

Ripea kiti inafaa kama ukuta wa silinda ni laini kabisa. Pitisha ukucha, ukisikia kishimo chochote sili mpya itakaa miezi miwili. Hapo ni kununua nzima, au kumpelekea mtu wa leidi aivalishe bushi ya stenilesi.

SIMAMA HAPA: pedali inayoshuka kwenye gari ya laini moja hairudi nyumbani kwa kuendeshwa polepole. Ita gari ya kuvuta, ya kunyanyua kabisa.

Gari inavuta upande ukikanyaga

Pima upepo wa matairi kwanza, dakika mbili. Alafu kumbuka gari inavuta kwenda upande ambao breki INASHIKA, ikivuta kulia basi mgonjwa ni kushoto mara nyingi. Mafundi wengi wanafungua upande wenye afya, wanaulegeza ili ulingane na mgonjwa, na mwenye gari anaondoka na breki mbovu pande zote mbili akiwa ameridhika kwamba haivuti tena. Hii inaniuma kila nikiiona.

Sababu inayoongoza kwenye Series ni mafuta kwenye shuu, na swali ni mafuta gani. Futa kwa kidole. Ya breki ni mepesi, yanaoshwa na maji, yametoka wili silinda. Mazito yenye harufu kali ya salfa ni EP90, oili ya difu, kutoka kwenye akseli, sili ya habu imekwisha, na hapo ukibadilisha shuu bila sili umetupa shuu. Ukibadilisha sili angalia na sehemu inapokalia, ikiwa imechimbika mfereji itavuja tena. Shuu iliyolowa mafuta haiponi. Wanaichoma na petroli, wanaisugua msasa, inaonekana kavu, ukishuka mlima dramu ikipata moto mafuta yanatoka tena kwenye vinyweleo. Nunua jozi zote mbili, kushoto na kulia pamoja.

Baada ya hapo ni pistoni iliyoganda. Toa dramu, mwenzio akanyage kidogo SANA huku wewe umezuia shuu ya pili kwa bisibisi, uone kila pistoni inatoka na inarudi. Kwenye 109 moja ikiganda kati ya mbili za mbele gari bado inasimama, kwa hiyo inaweza kukaa hivyo miaka.

Na hili ni la wale waliofungua mbele zote mbili kwa pamoja. Bakpleti za 109 zina kushoto na kulia. Zikifungwa kinyume shuu zote zinakuwa zinafuata badala ya kuongoza, yaani dramu inazisukuma mbali badala ya kuzivuta zibane zaidi, ukienda mbele breki ni hafifu na ukirudi nyuma zinakamata sana. Kwa kawaida 109 inatakiwa iwe kinyume chake, mbele kali, ukirudi nyuma dhaifu kidogo, ndo maana kwenye mlima gari ikianza kurudi nyuma usitegemee pedali peke yake.

Ukikuta breki zote sawa na bado inavuta, kagua yu-bolti za springi. Akseli inayosogea kwenye springi inageuza gari kila ukikanyaga.

Breki zinakaba, dramu zinapata moto

Usiguse dramu kwa mkono, nyunyizia matone ya maji, linalochemka ndo hilo. Kama ni moja tatizo liko kwenye gurudumu hilo au hosi yake, zikiwa zote anza kwenye pedali.

Nyanyua gurudumu linalokaba, fungua nipo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kuna presha imefungiwa. Lisipoachia, ni la ndani ya dramu, springi imelegea au imekatika, pistoni imeganda, ajasta imekazwa mno. Presha ikiwepo, rudia zoezi, safari hii legeza nati ya paipu pale inapotoka kwenye masta silinda. Likiachia hapo, lawama ni masta silinda au pushirodi, lisipoachia mpaka ufungue nipo basi hosi imeziba kwa ndani, mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite ila springi haina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje hosi ya hivyo inaonekana mpya.

Pushirodi lazima iwe na mchezo mdogo, milimita moja na nusu hivi, kabla haijagusa pistoni. Mtu akitaka pedali ya juu anaikaza mpaka mchezo unaisha, kale katundu ka kurudishia mafuta kwenye kikopo kanabaki kamezibwa, asubuhi gari nzuri, ukishatembea kilomita kumi mafuta yamepanuka hayana pa kwenda, breki zinajikaza zenyewe. Ukiwa njiani ikikukuta hii, legeza nati za kufungia masta silinda kidogo utafute nafasi hiyo, utafika nyumbani.

Sababu mbaya kuliko zote ni mafuta yasiyo ya breki. Kuna siku mtu aliishiwa porini akaweka haidroliki au oili ya injini, akafika, akasahau. Oili za madini zinavimbisha raba zote. Chukua tone kutoka kwenye kikopo uweke kwenye glasi ya maji, ya breki yanachanganyika na maji, oili inaelea juu. Ikielea hakuna njia ya mkato, toa kila kitu chenye raba, masta silinda, wili silinda zote, hosi zote, na kama kikopo ni kimoja basi na za klachi, osha paipu kwa spiriti, kausha, anza upya. Usiiendeshe hata kama leo inasimama.

Pedali ngumu, gari haisimami

Gari isiyo na busta pedali yake ni ngumu kiasi, aliyezoea gari ya kisasa akipanda ataona mbovu, mpe siku mbili. Yenye busta ipime hivi: injini imezimwa, kanyaga mara tano sita mpaka iwe ngumu, shikilia mguu, washa. Pedali ikizama kidogo busta inafanya kazi. Isipozama angalia hosi ya vakyumu inayotoka kwenye manifodi, imepasuka au imejikunja, alafu valvu yake ya njia moja. Injini ya dizeli haina vakyumu ya kutosha kwenye manifodi, inahitaji pampu yake au kikofia cha kubana hewa, na watu wanaobadilisha petroli kuweka dizeli wanasahau hilo kabisa kisha wanasema busta imekufa.

Isiyo na busta angalia lainingi zilizong'aa kama kioo. Zisugue kwa msasa, zikirudia kung'aa ujue ni lainingi ngumu za bei rahisi.

Zinapotea kwenye mteremko au baada ya kuvuka mto

Hapa nasema kwa uchungu. Mwaka mmoja natoka Lushoto kwenda Mombo, nimebeba mizigo, gia ya tatu, natumia breki kona baada ya kona, kufika chini ya Soni pedali ikaenda sakafuni bila hata kunionya. Nikapampu nikapata kidogo, nikaingiza gia ya pili, nikaegesha kwenye tuta la upande wa mlima. Baada ya nusu saa breki zikarudi kama hakuna kilichotokea, na hapo ndo hatari ilipo kwa sababu mtu anaendelea na safari. Mafuta ya breki yalikuwa ya zamani. DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) mpya inachemka kuanzia 230°C, ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 155, DOT 3 ni 205 na 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, pedali inazama. Badilisha yote kila miaka miwili, na chupa iliyofunguliwa ikakaa gereji mwaka mzima usiitumie, imeshakunywa unyevu tayari. Kushuka, teremka na gia uliyotumia kupandia au ndogo zaidi, injini ifanye kazi.

Pedali ikibaki juu na ngumu lakini gari haishiki, hiyo nyingine, ni lainingi zimezidiwa na joto, simama zipoe zenyewe, usizimwagie maji, dramu ya chuma cha kalibu inapasuka.

Baada ya mto endesha ukikanyaga kidogo kidogo mpaka zikauke, na ukipita tope zito toa dramu wiki hiyo uoshe, tope likikauka mle ndani linakula dramu na kuziba springi.

Ukitaka kuboresha, panga hivi

Paipu na hosi mpya kabla ya kitu chochote. Tumia paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, shaba tupu inachoka kwa mtetemo inapasuka. Ncha zipigwe kwa mashine, na paipu ya breki haichomelewi, haiungwi kwa risasi wala kwa kipande cha mpira na klipu. Nati za Series ni nyuzi za inchi, nyingi 3/8 UNF, na za Kijapani ni M10. Nati ya 3/8 inaingia kwenye tundu la M10 ikiwa inacheza, utaikaza itaonekana imeshika, siku ya kukanyaga kwa hofu inachomoka. Linganisha kila nati kwa mkono kabla ya spana.

Pili, laini mbili. Masta silinda ya laini mbili inapatikana zaidi kwenye Series III za mwisho, kuipata na kisanduku chake cha pedali ni kazi, ila kwa maoni yangu hakuna hela ya breki inayotumika vizuri kuliko hiyo. Paipu ikipasuka unabaki na nusu ya breki.

Tatu, kama una 88 tafuta breki za mbele za inchi 11 za 109, bakpleti, shuu, dramu na silinda zake. Gari inabadilika kabisa. Angalia masta silinda ilingane nazo, ndogo mno itakupa pedali ndefu.

Busta inafuata, na inapunguza nguvu ya mguu tu, haiongezi uwezo wa shuu. Diski za mbele ni nzuri sana kwa anayevuka maji mara kwa mara, lakini ukizifunga na masta silinda ya dramu angalia kama ina valvu inayobakiza presha kwenye laini, diski hazitaki presha hiyo, zitasugua muda wote. Hakikisha pia ringi zako zinapita juu ya kalipa, ile inayobana diski. Kazi hii mpe fundi aliyewahi kuifanya, na umwombe akuonyeshe gari aliyoifunga.

Kabla hujarudi barabarani

Injini imezimwa, kanyaga kwa nguvu zako zote ukiwa bado kwenye stendi, shikilia, mwenzio apite na tochi kila ungio. Bora kitu kipasuke hapo. Alafu uwanja tambarare usio na watu, kwa mwendo wa mguu, kisha 20, kisha 40, ukiachia usukani kidogo uone inaelekea wapi. Nati za magurudumu kaza tena. Shuu mpya zinakaa sawa baada ya kutembea, kwa hiyo wiki moja baadae lala chini tena uajasti zote, na ukiwa huko huko pitisha mkono ubavu wa ndani wa kila tairi, pakiwa pakavu kote nne ndo unaweza kuishusha Mombo.